Chama Chetu na Malengo ya Dunia ni Rika Moja

Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu, iliyosomwa mbele ya Mkutano wa Wanachama katika sikukuu ya miaka kumi, 2026



Halmashauri ilipotuagiza kusema maneno machache katika sikukuu hii, ilitutaka tusimulie habari za Chama tangu kilipoandikishwa hata leo. Habari hizo zimekwisha kuandikwa katika kijitabu cha sikukuu, pamoja na picha za wenyeviti na hesabu za kila msimu, wala hatuoni faida ya kuzirudia mbele ya watu waliozitenda wenyewe. Tumeomba ruhusa tuseme jambo jingine. Chama chetu kina mwenziwe wa rika moja, aliyezaliwa mbali sana na milima yetu, na hali ya mwenzetu huyo si nzuri.

Tarehe 25 Septemba 2015, katika mji wa New York, mataifa yote 193 yaliyo wanachama wa Umoja wa Mataifa yaliafikiana juu ya Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu, yenye shabaha 169 ndani yake. Malengo hayo yalianza kutumika tarehe 1 Januari 2016, nayo yamewekewa mwisho wake katika mwaka 2030. Chama chetu kiliandikishwa mwaka huo huo wa 2016. Tofauti ni kwamba sisi hatukuandikiwa mwaka wa kufa.

Wako watakaouliza, yatuhusu nini sisi watu wa mlimani maazimio ya New York? Twajibu kwamba yametuhusu muda wote wa miaka kumi, ijapokuwa hatukuyaita kwa jina. Yule bibi shamba aliyekuja kutufundisha kupogoa mibuni, ile miche inayostahimili chulebuni, zile semina ambazo tulilipwa nauli tukala na chakula, vyote vilikuja katika magari yenye duara la rangi kumi na saba ubavuni. Duara lile ndilo alama ya Malengo, na kila rangi ina neno lake: kuondoa umaskini, kuondoa njaa, afya, elimu, usawa wa wanawake na wanaume, maji safi, na kuendelea hata la kumi na saba, ambalo ni ushirikiano wa mataifa ili hayo kumi na sita yaweze kutimizwa. Sisi wana ushirika tulipolisoma hilo la mwisho tulifurahi sana, kwa maana tuliona kama kwamba dunia nzima imekuja kununua hisa katika chama.

Furaha ile ilikuwa na haraka kidogo. Katika chama cha ushirika mtu hutoa kiingilio, hununua hisa, huyakubali masharti, na akiyavunja huitwa mbele ya kamati akajieleza. Malengo hayana kiingilio wala hayana kamati ya kumwita mtu. Azimio lenyewe lilisema wazi kwamba kila serikali itajipimia maendeleo yake na kutoa taarifa kwa hiari, kama vile Tanzania ilivyotoa zake mwaka 2019 na mwaka 2023. Taifa lililoahidi lisitimize halitozwi hata senti tano. Hatusemi haya kwa dhihaka. Mataifa hayakubaliani kwa urahisi, na pengine kama pangalikuwa na faini hakuna ambaye angalitia sahihi. Lakini ni vema mwanachama ajue aina ya karatasi aliyoishika mkononi.

Sasa karatasi hiyo imefika wapi? Taarifa ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2025 ilieleza kwamba katika shabaha zile zinazoweza kupimwa, asilimia 35 zinakwenda vizuri au kwa kiasi, karibu nusu zinakwenda polepole mno, na asilimia 18 zimerudi nyuma kuliko zilivyokuwa mwaka 2015. Tulitafsiri hesabu hiyo kwa lugha ya kitaluni. Mtu amepanda miche mia. Baada ya miaka kumi thelathini na mitano inaonyesha dalili ya kuzaa, hamsini kasoro imedumaa, na kumi na minane ni mifupi kuliko siku ilipotoka kitaluni. Bwana shamba akiletewa shamba la namna hiyo hataanza kwa kulaumu miche.

Ataulizia mbolea. Na mbolea ya kazi hii, ambayo ni fedha, imepungua. Tangu mwaka 1970 mataifa tajiri yaliombwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa yatoe senti sabini katika kila dola mia za pato lao kwa ajili ya kusaidia mataifa maskini. Mwaka 2024 waliotimiza kipimo hicho walikuwa wanne tu: Denmark, Luxembourg, Norway na Sweden. Mwaka huo huo jumla ya msaada wa nchi tajiri ilishuka, baada ya kupanda miaka mitano mfululizo. Kisha ukaja mwaka 2025. Mwezi Machi mjumbe wa Marekani alisimama katika Baraza Kuu akatamka kwamba serikali yake inayakataa Malengo hayo, na tarehe 1 Julai shirika la misaada la nchi hiyo, USAID, likakoma kufanya kazi. Baadhi ya nchi za Ulaya nazo zilipunguza mafungu yao, zikisema zina haja ya kununua silaha.

Mambo haya tuliyaonja kwa ulimi wetu wenyewe. Wanachama wa vyama vya juu wanakijua vema kituo cha kumenyea kahawa mbivu ambacho msingi wake uliwekwa mwaka 2023 kwa fedha za wafadhili kutoka ng'ambo. Hatutawataja kwa jina, kwa kuwa watu wao waliokuja huku walikuwa waungwana, na wao wenyewe walipoteza kazi. Kuta zilisimama, birika la kuchachushia likajengwa hadi nusu, mashine ya kumenya ikaletwa ndani ya sanduku lake la mbao. Mwanzoni mwa mwaka 2025 tulipokea barua ya nusu ukurasa. Ilisema kazi yote isimame, na kwamba mtu ye yote asiguse vifaa vilivyomo ghalani hata maagizo mengine yatakapokuja.

Maagizo mengine hayakuja. Kufuli la ghala lilikuwa lao, na ufunguo ulikwenda nao mjini. Kwa msimu mzima mashine ilikaa gizani, na huku hatua chache kutoka mlango huo wanachama wetu walimenya kahawa kwa mashine za mkono majumbani, wengine wakakosa maji ya kutosha kuoshea, na kahawa ya maganda ikafika kwenye mizani ikiwa na madoa na harufu ya kuchacha kupita kiasi. Kila mwenye kitabu cha mapokezi anajua daraja aliyopewa msimu ule.

Mkutano wa dharura ulipoitishwa, kulikuwa na shauri mbili. Wengine walisema tungoje, kwa maana aliyeanza nyumba ataimaliza. Wengine walisema tukatwe shilingi hamsini kwa kila kilo ya maganda kwa msimu mmoja, tumalize birika, mabomba na vichanja vya kuanikia. Mjadala ulikuwa mkali, na sisi wa ofisini tulikaa kimya kwa kuwa tuliogopa kulaumiwa kwa makato. Ndipo mama mmoja wa chama cha msingi cha juu kabisa akasimama akasema: “Wanangu, mvua tunaingoja kwa sababu mvua haina anwani. Huyu mfadhili ana anwani. Mwandikieni, lakini birika lijengwe.” Kura zilipohesabiwa, makato yalipita kwa mikono michache. Barua tuliandika saba, na baada ya ile ya saba mashine ilikabidhiwa kwetu kwa hati. Msimu huu kituo kimefanya kazi, na wageni wetu watakitembelea baada ya chakula.

Tulipopekua majalada ili kujua kosa lilikuwa wapi, tuliona kwamba mkataba wa kituo kile haukuwa na sahihi yetu. Ulitiwa sahihi na wafadhili kwa upande mmoja na ofisi yao ya mjini kwa upande wa pili. Sisi, ambao ardhi ni yetu na kahawa ni yetu, tulitajwa katika ukurasa wa nne chini ya neno “wanufaika”. Ndugu Wanachama, neno hilo halimo katika masharti ya ushirika. Mna mwanachama, mjumbe, karani, mkaguzi wa hesabu na mdaiwa, na kila mmoja ana haki zake na wajibu wake. Mnufaika hana wajibu wo wote, na kwa hiyo hana haki ya kuuliza ufunguo uko wapi.

Lakini msidhani kwamba mapatano ya mataifa yamekuwa mepesi hivi siku zote. Wazee waliomo humu ukumbini wamepata kuishi chini ya mapatano ya namna nyingine kabisa, nayo yalihusu zao hili hili letu. Mwaka 1962, chini ya Umoja wa Mataifa, nchi zinazouza kahawa na nchi zinazoinunua zilifanya Mkataba wa Kahawa wa Kimataifa, na mwaka uliofuata Shirika la Kahawa la Kimataifa likaanzishwa, makao yake yakiwa London. Sababu haikuwa huruma tupu. Mwishoni mwa miaka ya hamsini bei ilikuwa imeanguka vibaya, na wakubwa wa Marekani walihofu kwamba nchi za Amerika ya Kusini zilizotegemea kahawa zingeifuata njia ya Kuba. Hofu kwa kawaida ni mshauri mbaya, ila safari ile ilishauri vema.

Kazi ya Mkataba ilikuwa hivi. Kila nchi inayouza ilipewa mgawo wake wa magunia. Nchi zinazonunua nazo zilikubali kutopokea bandarini kahawa isiyo na hati na stempu za Mkataba. Bei ikishuka chini ya kiwango, migawo ilipunguzwa. Ikipanda kupita kiasi, ililegezwa. Katika miaka ya themanini shabaha ilikuwa kuiweka bei kati ya dola 1.20 na dola 1.40 kwa ratili. Angalieni neno moja hapo: mnunuzi naye alifungwa. Forodha ya New York na forodha ya Hamburg zilikuwa walinzi wa mkulima wa mlimani, pasipo mkulima huyo kujua.

Hatupendi kuupamba Mkataba ule kuliko ulivyostahili. Nchi zilizochelewa kupanda zilipata migawo midogo. Kahawa iliyozidi mgawo iliuzwa kwa bei ya kutupa katika nchi zisizokuwamo, na ujanja ulikuwa mwingi. Tena bei nzuri ya London haikuwa na maana kwamba mkulima amelipwa vizuri, maana katikati palikuwa na mabodi na makato na gharama zisizoelezeka. Hapa kwetu vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa kwa amri mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na kwa miaka hiyo sita mkulima hakuwa na chombo chake kikuu cha kuuliza. Hata hivyo alikuwa na jambo moja ambalo sisi hatunalo. Alipopanda mche wa kahawa, ambao huchukua miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa vya kutosha, alikuwa na sababu ya kuamini kwamba bei haitakuwa imezama siku atakapochuma.

Tarehe 4 Julai 1989 migawo ilisimamishwa. Marekani ilitaka kahawa zaidi ya aina laini za Amerika ya Kati, Brazil haikukubali kupunguziwa fungu lake, na wengine kila mmoja akavuta kwake. Katika muda wa miezi michache bei ilianguka karibu nusu. Vietnam ikapanda kahawa kwa wingi usiopata kuonekana, na kufika mwaka 2001 wastani wa bei ya dunia ulikuwa chini ya senti 50 za Marekani kwa ratili. Vijana wa leo wanaona mahindi na migomba mahali ambapo baba zao walikuwa na mibuni, wakadhani ni uvivu wa wazee. Ilikuwa hesabu. Kisha tazameni upande wa pili: mwezi wa Februari 2025, baada ya ukame wa Brazil na ule uliotangulia wa Vietnam, bei ya kahawa ya arabika huko New York ilipita dola 4 kwa ratili, ambayo haijapata kufikiwa kabla. Wako waliojenga. Wako pia waliokuwa wamekwisha kuiuza kahawa ikali mtini, biashara ambayo ndugu zetu wa Kagera huiita butura na wa Mbinga huiita magoma, nao walitazama gari likipakia utajiri wa mtu mwingine. Tofauti ya senti 50 na dola 4 ni mara nane, na mkulima hakufanya kitu cho chote kuistahili ile ya kwanza wala hii ya pili. Marekani, mnywaji mkubwa kuliko wote, ilijitoa katika Shirika la Kahawa la Kimataifa mwaka 2018.

Baada ya kuikumbuka historia hiyo, sisi na karani wetu wa hesabu tulikaa siku mbili tukazisoma shabaha zote 169, moja baada ya moja, tukitafuta neno juu ya bei ya mkulima wa kahawa. Tuliona shabaha ya kuongeza maradufu mavuno na mapato ya wazalishaji wadogo wa chakula. Tuliona shabaha ya kutuliza masoko ya bidhaa za chakula, na kahawa, kama mjuavyo, haimshibishi mtu. Tuliona shabaha iliyosema kwamba fungu la nchi zilizo nyuma kabisa kimaendeleo, na Tanzania imo, katika mauzo ya dunia liongezwe maradufu ifikapo mwaka 2020. Mwaka 2020 ulifika, ukapita, na fungu hilo lilikuwa lingali karibu na asilimia moja. Ushirika wenyewe tuliukuta katika aya ya arobaini na moja, umetajwa katika sentensi moja pamoja na makampuni makubwa ya kimataifa, kama vile sungura na tembo huandikwa pamoja katika orodha ya wanyama wa mwituni.

Twayasema haya kwa sababu kazi ya kutafuta kitakachofuata imekaribia kuanza. Mwezi wa Septemba 2024 mataifa yalikubaliana kwamba mkutano wa wakuu wa mwezi Septemba 2027 uangalie jinsi ya kuendeleza kazi hii hadi mwaka 2030 na baada yake. Mwaka jana, 2025, ulikuwa Mwaka wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika, kama ulivyokuwa mwaka 2012, na tulipata fulana na hotuba. Rai yetu ni kwamba wajumbe watakaotuwakilisha katika shirikisho la taifa waache kuomba mwaka wa tatu. Waombe serikali yetu iseme neno moja huko mbele, kwamba mapatano yajayo yawe na kifungu cha bei ya mazao ya wakulima wadogo, chenye wajibu kwa anayenunua kama kilivyo na wajibu kwa anayeuza. Tunajua migawo ya mwaka 1962 haitarudi. Nchi zinazolima ni nyingi mno na nia haipo. Lakini kuna njia nyingine ndogo ndogo ambazo zimejaribiwa. Mwaka 1988, kabla Mkataba haujaanguka, wakulima wa chama cha ushirika cha UCIRI huko Oaxaca, Mexico, pamoja na rafiki zao wa Uholanzi, walianzisha alama ya Max Havelaar, ambayo mnunuzi akitaka kuitumia hana budi kulipa bei isiyoshuka chini ya kiwango. Kutokana na mbegu hiyo ulikua utaratibu wa Fairtrade, ambao tangu Agosti 2023 bei yake ya chini kwa arabika iliyooshwa ni dola 1.80 kwa ratili, na senti 20 juu yake kwa ajili ya kazi za chama. Si dawa ya kila ugonjwa. Ada ya ukaguzi tunalipa sisi, na si kila gunia hupata mnunuzi wa namna hiyo. Lakini ni mapatano yenye masharti kwa pande mbili, na yalianzishwa na wakulima kama nyinyi, wala hawakungoja mkutano wa wakuu.

Hapo ndipo tunapofika kwenye shauri lililo mbele ya Mkutano wa leo.

Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulitunga sheria juu ya mazao saba, na kahawa imo. Sheria hiyo yasema kwamba kahawa haitaingia Ulaya ikiwa imelimwa mahali palipokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na kwamba mwagizaji hana budi kuonyesha kila shamba ilikotoka, kwa nukta ya latitudo na longitudo. Shamba lililozidi hekta nne, yaani kama ekari kumi, latakiwa kuchorwa mipaka yake yote. Lililo dogo zaidi, kama yalivyo karibu yote ya wanachama wetu, nukta moja yatosha. Sheria ilikuwa ianze kutumika mwishoni mwa mwaka 2024, ikaahirishwa mwaka mmoja, ikaahirishwa tena hadi tarehe 30 Desemba 2026 kwa wafanya biashara wakubwa, na katikati ya mwaka 2027 kwa wadogo. Kuahirishwa huko kumewafanya wengine waseme kwamba haitakuja. Sisi twaona si busara kuweka chakula cha watoto juu ya dhana hiyo.

Kusudi la sheria ni jema. Misitu ikiisha mvua huisha, na usiku wa milima yetu umekwisha kupata joto ambalo mbuni haulipendi. Lakini yatazameni mapatano haya matatu kwa pamoja. Yale ya mwaka 1962 yalimfunga anayeuza na anayenunua. Yale ya mwaka 2015 hayakumfunga mtu. Hili la mwaka 2023 kwa maandishi linamfunga mwagizaji wa Ulaya, ila uzito wake wateremka kama maji ya mfereji, kutoka kwa mwagizaji hadi kwa msafirishaji, kutoka kwa msafirishaji hadi kwetu, hata ukamfikia mkulima mwenye mibuni mia mbili, naye hajaulizwa neno wala hajaongezwa senti.

Tangu mwaka jana wameanza kuja wanunuzi wenye simu, wakisema watatupimia mashamba yote bure. Tuliomba kuisoma karatasi yao, tukaona kwamba nukta zote, na majina yote, vitakuwa mali ya mnunuzi. Maana yake ni nini? Ni kwamba msimu ambao mnunuzi huyo ametoa bei mbaya, nasi tukataka kumpelekea mwingine, tutakuwa hatuna karatasi ya kuingilia Ulaya, kwa sababu karatasi ni yake. Ufunguo utakuwa tena mjini.

Kwa hiyo Halmashauri imeleta azimio kwamba Chama kipime mashamba chenyewe, kwa makarani wa vyama vya msingi, kwa fedha za akiba; daftari la nukta likae ofisini kwetu chini ya masharti yetu; na mnunuzi ye yote apewe nakala ya zile za kahawa aliyoinunua, wala si zaidi. Akiba yetu si kubwa, na kazi hii itailamba sehemu nzuri. Mtunza hazina hakufurahi, nasi tunamheshimu kwa hilo.

Katika mikutano ya vyama vya msingi mzee mmoja alituuliza swali ambalo twaona haya kulificha. Alisema: “Mwanangu Katibu, leo mwapima kwa ajili ya Mzungu wa kahawa. Kesho mwenye kodi akija kuomba daftari hilo, utamnyima?” Tulimjibu, nasi twajibu tena mbele ya Bwana Mrajis Msaidizi, kwamba serikali ikija na sheria mkononi Chama hakiwezi kuivunja sheria. Twaweza kuahidi hili tu, kwamba hakuna ukurasa utakaotoka pasipo Halmashauri kujua na kuandika umetoka kwa nani na kwa sababu gani. Mzee hakusema ameridhika. Alisema ataifikiri.

Swali jingine halikuulizwa mkutanoni bali jikoni. Nukta itaandikwa kwa jina la nani? Katika mashamba mengi mwenye kitabu cha mapokezi ni mume, lakini anayepalilia, kuchuma na kubeba debe hadi mizani ni mke, na katika nyumba kadhaa mume yuko mjini mwaka wa sita sasa. Lengo la tano la dunia linasema mwanamke apate haki ya ardhi. Wasemaji walikuja na fulana kutufundisha lengo hilo, wakaondoka, na vitabu vya mapokezi vikabaki vilivyokuwa. Azimio la Halmashauri linatoa nafasi ya majina mawili kwa kila nukta. Tunajua baadhi ya waume hawakupenda, na wajumbe wawili wa Halmashauri yenyewe walipinga. Lakini dunia ikitaka kujua kahawa imetoka wapi, twaona si haki kuandika jibu la uongo.

Kura itapigwa baada ya chakula, kwa mikono, chama kwa chama. Azimio likipita, makarani watakusanyika hapa Jumatatu kwa mafunzo ya siku mbili, na upimaji utaanza na vyama vya juu kabla njia hazijaharibiwa na mvua, kisha utateremka chini. Kila nyumba itapelekewa habari siku tatu kabla. Mwenye shamba na awepo shambani siku hiyo, na kitabu chake cha mapokezi mkononi. Na ikiwa hayupo, mkewe atatosha.